Sura ya Falcon, Valiant na Corvair: ilitoka wapi, na kwa nini hairudi

Chukua futi kamba upime Ford Falcon ya mwaka 1960. Urefu wake ni mita 4.60, upana mita 1.78, kimo mita 1.38. Sasa pima Toyota Corolla ya sedani inayotoka kiwandani leo: urefu mita 4.63, upana mita 1.78, kimo mita 1.43 na ushee. Magari mawili yaliyoachana kwa zaidi ya miaka sitini yanakaribia kulingana kila upande. Lakini yaegeshe sambamba uyatazame. Falcon itaonekana ndefu, imelala chini, ina vioo vingi na paa jembamba. Corolla itaonekana fupi, mabega yameinuka, vioo vimebanwa, uso umekunjwa. Sentimita tano za kimo haziwezi kuleta tofauti yote hiyo.

Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya Wamarekani wengi, pamoja na watu wa nchi nyingine ambao hawajawahi kuketi ndani ya magari hayo, wayakumbuke kwa hamu magari yaliyoitwa kompakti, yaani madogo kwa kipimo cha Marekani, yaliyotoka kati ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970: Falcon, Valiant, Corvair, Dart, Rambler American, Nova, Duster, Hornet. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mafupi: wasanifu wa zamani walikuwa na jicho, wa leo hawana. Mimi nayapenda magari hayo kwa dhati, na ndiyo maana maelezo hayo hayaniridhishi. Yanawaonea wasanifu wa leo, tena yanawanyima wale wa zamani sifa yao halisi, ambayo ni kufanya kazi nzuri ndani ya masharti magumu. Sura ile ilizaliwa na mambo kadhaa yaliyokutana kwa muda mfupi: hesabu za senti, mahali injini ilipokaa, sheria moja iliyokuwepo na sheria nyingi ambazo zilikuwa bado hazijatungwa. Kila jambo liliondoka kwa wakati wake na kwa sababu yake.

Udogo kwa kipimo cha Detroit

Mwaka 1959 Chevrolet Impala, gari la familia ya kawaida ya Kimarekani, ilikuwa na urefu wa mita 5.36. Nyuma ilikuwa na mapezi mapana yaliyotandazwa kama mabawa, na kromu ilijaa kila pembe. Kwa muda wa miaka kumi hivi kampuni za Detroit, jiji kuu la magari la Marekani, zilikuwa zimeshindana kurefusha, kupanua na kushusha magari, na kuyabadilisha sura karibu kila mwaka ili la mwaka jana lionekane limepitwa.

Aliyekwenda kinyume na mkondo huo alikuwa George Romney, mkuu wa American Motors, kampuni iliyoundwa mwaka 1954 kwa kuunganisha Nash na Hudson. Hakuwa na fedha za kushindana na General Motors kwa ukubwa, kwa hiyo alishikilia Rambler, gari dogo lenye matumizi madogo ya mafuta, na akawa anayaita magari ya wenzake dinosaria wanaobugia petroli. Mwaka 1958 uchumi wa Marekani uliyumba. Mauzo ya karibu kila kampuni yalishuka, ya Rambler yakapanda. Wakati huohuo Volkswagen na magari mengine ya Ulaya yalikuwa yakiingia kwa wingi, na kufikia 1959 magari kutoka nje yalichukua karibu sehemu moja ya kumi ya soko. Studebaker, kampuni nyingine iliyokuwa na hali ngumu, ilikata gari lake kubwa mbele na nyuma, ikapata Lark ya mwaka 1959, na ikapumua kwa muda.

Wakubwa watatu, General Motors (mwenye Chevrolet), Ford na Chrysler, walijibu kwa pamoja katika msimu wa vuli wa 1959, kila mmoja akiwa na modeli ya mwaka 1960: Chevrolet Corvair, Ford Falcon na Valiant ya Chrysler. Hapa ndipo mambo yananoga, kwa sababu lengo lilikuwa moja na majibu yakawa matatu yasiyofanana hata kidogo.

Falcon ilikuwa kazi ya Robert McNamara, mmoja wa wakuu wa Ford wakati huo. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi kama rais wa Benki ya Dunia, yule aliyesimama Nairobi Septemba 1973 kwenye mkutano mkuu wa benki hiyo na kuhutubia juu ya umaskini wa vijijini. Kabla ya hapo, na kabla ya kuwa Waziri wa Ulinzi wa Kennedy, alikuwa mtu wa mahesabu katika kiwanda cha magari. Alitaka gari la kubeba watu sita, jepesi, rahisi kutengeneza, la bei ya chini. Falcon ya milango miwili iliuzwa kuanzia dola 1,912. Injini ilikuwa ya silinda sita, lita 2.4, nguvu farasi 90. Katika mwaka wake wa kwanza iliuza zaidi ya magari 400,000.

Tazama bodi yake ukiwa na habari hiyo kichwani. Kila mkunjo katika bati unahitaji kalibu ya chuma, na kalibu ni ghali. Kila pambo la kromu ni kipande cha ziada cha kufungwa kwa mkono. Falcon ina mkunjo mmoja tu wa maana ubavuni, ambao pia hulikaza bati lisipwaye. Taa za mbele mbili, za nyuma mbili za duara. Shoo, ule wavu wa mbele, ni bati lililotobolewa kwa mpangilio. Leo tunaitazama sura hiyo na kuiita safi, tulivu. Wakati ule ilikuwa ubahili uliosimamiwa kwa makini, na walikuwepo ndani ya Ford, Lee Iacocca akiwa mmojawapo, walioiona imepooza. Wote walikuwa sahihi. Ubahili wa Falcon ulikuwa wa mtu anayejua kitu gani hakiondoleki, na vipimo vyake vikabaki vizuri hata baada ya mapambo yote kunyimwa.

Injini inavyochora bodi

Valiant ilikuwa kinyume chake. Virgil Exner, mkuu wa usanifu wa Chrysler, hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliipa boneti ndefu, buti fupi, paa linaloteremka nyuma, mikunjo mikali juu ya matairi, na kwenye mfuniko wa buti akachonga umbo la tairi la akiba ambalo halikuwemo. Pambo hilo la mwisho lilichekwa hadi likaondolewa. Uwiano wa boneti ndefu na buti fupi, kwa upande wake, ndio uliotawala magari ya vijana ya Marekani miaka michache baadaye.

Chini ya boneti hiyo kulikuwa na injini ya silinda sita iliyoegemezwa nyuzi 30 upande mmoja. Kuilaza hivyo kulishusha kimo chake, kwa hiyo boneti nayo ingeweza kushuka, na nafasi iliyopatikana ubavuni ikapitisha mabomba marefu ya kuingizia hewa, yaliyoisaidia injini kuvuta vizuri. Injini hiyo ilidumu miongo, na sifa yake ya kutokufa imeibeba Valiant na ndugu yake Dart hadi leo.

Corvair ilikwenda mbali kuliko zote. Chevrolet iliweka injini nyuma, ya alumini, silinda sita zilizolala tatu kwa tatu, ikipozwa kwa hewa. Hapakuwa na rejeta mbele, kwa hiyo hapakuwa na haja ya shoo: uso ukabaki bati tupu lenye taa nne. Hapakuwa na propela shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma ikipita chini ya abiria, kwa hiyo sakafu ikawa karibu bapa, viti vikashuka, na paa likashuka pamoja navyo hadi mita 1.30 kutoka ardhini. Kiunoni pakazungushwa ukingo mmoja, kutoka taa za mbele hadi za nyuma na kurudi, kama ukingo wa sinia. Ukingo huo ulivuka bahari. NSU Prinz ya Ujerumani ya mwaka 1961 inauonyesha waziwazi, Hillman Imp ya Uingereza pia, na baadaye hata Zaporozhets ya Kisovieti. Kwa muda mfupi gari la bei nafuu la Chevrolet lilikuwa likiwafundisha Wazungu wa Ulaya namna ya kuchora gari dogo.

Kwa macho yangu kilele cha hadithi yote ni Corvair ya pili, ya mwaka 1965, iliyotoka wakati Bill Mitchell akiongoza usanifu wa General Motors. Ubavu wake umevimba taratibu juu ya tairi la nyuma kisha ukapungua bila kukatika, paa ni jembamba, na hata ile ya milango minne haina nguzo ya kati. Ukishusha vioo vyote, kuanzia kioo cha mbele hadi cha nyuma hakuna kitu kinachokatiza macho. Gari hilo lilikuwa modeli ya mwaka uleule ambao Ralph Nader, mwanasheria mtetezi wa wanunuzi, alichapisha kitabu chake juu ya hatari za magari ya Kimarekani, na sura ya kwanza ya kitabu iliishambulia Corvair ya miaka ya mwanzo, iliyokuwa na ekseli za nyuma zilizoweza kukunjika vibaya kwenye kona. Modeli ya 1965 ilikuwa tayari na mfumo mpya wa nyuma. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba hata Corvair za 1960 hadi 1963 hazikuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake. Ilikuwa imechelewa: gari la mwisho lilitoka Mei 1969.

Macho yaliyolazimishwa na sheria

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wapenzi wengi wa magari haya hawalitaji, ingawa liko mbele ya macho yao. Kuanzia modeli za mwaka 1940, magari ya Marekani yalitumia taa za mbele za aina moja: kioo, kiakisi na waya wa mwanga vikiwa vimezibwa kiwandani kuwa kitu kimoja cha duara, kipenyo cha inchi saba. Kuanzia 1958 majimbo yote yaliruhusu pia taa nne ndogo za inchi tano na robo tatu. Basi. Mstatili haukuruhusiwa hadi katikati ya miaka ya 1970, na uhuru wa kila kampuni kuchonga taa yake ulikuja mwaka 1983.

Kwa hiyo msanifu wa Falcon ya dola 1,912 na msanifu wa Cadillac walikuwa wanatumia macho yaleyale. Hakuna aliyeweza kununua uzuri zaidi kwa taa ya gharama. Kilichobaki ni kupanga: duara likae wapi, litengwe umbali gani na shoo, lizungukwe na nini. Dart ya mwaka 1963 inaweka kila taa ndani ya pete pana inayochomoza kidogo, na uso mzima unapata mshangao wa upole. Jicho la mwanadamu husoma uso kwenye kila kitu chenye duara mbili na mstari chini yake. Magari haya yote yalikuwa na duara, kwa lazima, na kwa hiyo yote yalikuwa na uso unaosomeka. Taa za leo, nyembamba na zilizopinda hadi ubavuni, zinamulika vizuri kuliko zile mara nyingi, lakini zinasomeka kama macho yaliyofinywa. Anayelalamika kwamba magari ya siku hizi yanaonekana yana hasira hajakosea.

Kulikuwa na faida ya pili. Taa ikipasuka, uliipata kwenye kituo chochote cha mafuta kwa bei ndogo, uiondoe kwa bisibisi. Taa moja ya gari jipya siku hizi yaweza kugharimu sawa na matengenezo makubwa ya gari zima la zamani. Hamu ya sura ile imechanganyika na hamu ya gari ambalo mwenyewe angeweza kulifungua.

Nguzo nyembamba na bei yake

Kama ningeambiwa nitaje kitu kimoja tu kinacholeta ile hisia ya wepesi, ningetaja nguzo za paa. Katika kompakti za miaka ya 1960 nguzo zinazoshika kioo cha mbele ni nyembamba, ukingo wa chini wa madirisha uko chini karibu na kiwiko, na vioo vinachukua sehemu kubwa ya ubavu. Kwenye milango ya mbele kuna kidirisha cha pembetatu unachokigeuza kwa mkono ili upepo uingie. Plymouth Barracuda ya 1964, iliyojengwa juu ya Valiant, ilikuwa na kioo cha nyuma kilichokunjwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kufungwa kwenye gari la kuuzwa hadi siku hiyo. Ndani ya magari hayo unaona kila kitu, na ukiwa nje unawaona walio ndani. Gari lilikuwa na watu ndani yake kwa namna inayoonekana.

Wembamba huo uliwezekana kwa sababu hakuna aliyeuzuia. Mwaka 1966, wakati Rais Johnson aliposaini sheria ya usalama wa magari, barabara za Marekani zilikuwa zinaua watu zaidi ya 50,000 kwa mwaka, takriban vifo 5.5 kwa kila maili milioni 100 zilizosafiriwa. Miaka ya karibuni kiwango hicho ni kama 1.3. Mikanda, barabara bora, hospitali na sheria za ulevi zimechangia, na bodi ya gari imechangia sana. Kanuni zilikuja moja baada ya nyingine na kila moja iliacha alama yake. Modeli za 1968 zilipata taa ndogo za ubavuni. Mwaka 1973 yalianza masharti ya vyuma ndani ya milango, na ya paa lisilobonyea gari likipinduka. Kipimo cha paa kilipandishwa tena mwaka 2009: kutoka kubeba mara moja na nusu ya uzito wa gari hadi mara tatu. Nguzo zikanenepa. Mifuko ya hewa nayo ikahitaji mahali pa kujificha, zikanenepa zaidi.

Bampa ndizo zilizoonyesha mabadiliko haraka kuliko vyote. Serikali ilitaka bampa ya mbele, kuanzia 1973, ihimili kugonga ukuta kwa maili tano kwa saa bila taa wala vyombo vya usalama kuharibika, na mwaka uliofuata ya nyuma nayo. Weka Ford Maverick ya 1970 kando ya ile ya 1974. Bodi ni ileile, lakini ya pili imebandikwa boriti za chuma mbele na nyuma, zimesimama mbali na bati, na wepesi wote umekwisha. Hapa siwalaumu wasanifu hata chembe. Gari lililochorwa kabla ya kanuni lililazimishwa kuvaa kitu ambacho hakikuwemo kwenye mchoro.

Mwaka 2009 taasisi ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima za Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, kila moja kwa upande wa dereva. Bel Air si kompakti, ni gari kubwa na zito la enzi hiyohiyo. Chumba chake cha dereva kilisagika na dereva wa bandia angekufa. Wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Nguzo nyembamba ninazozipenda ni za gari ambalo nisingependa mtoto wangu asafirie kila siku. Sioni haja ya kupunguza makali ya sentensi hiyo, na wala hainifanyi niache kuzipenda.

Baada ya usalama ikaja mafuta. Msukosuko wa mafuta wa 1973 ulizaa sheria ya 1975, iliyolazimisha kampuni kufikisha wastani wa matumizi kuanzia modeli za 1978. Upepo ukawa mpinzani wa kila kona kali. Buti likapandishwa kwa sababu mkia ulio juu hupunguza ukinzani wa hewa na huongeza nafasi ya mizigo; buti likipanda, mstari wa madirisha nao hupanda; ubavu ukiwa mrefu kwenda juu, rimu ya inchi 13 iliyotosha Falcon huonekana ndogo kupindukia, kwa hiyo rimu zikaongezwa hadi 17 na zaidi. Hapo ndipo zilikojificha zile sentimita ambazo futi kamba haikuzionyesha. Kimo cha Corolla na cha Falcon vinakaribiana, lakini kwenye Corolla bati limekula nafasi ya kioo.

Kumbukumbu nayo huchagua

Yote hayo yanaeleza gari. Hayaelezi vizuri hamu yenyewe, kwa sababu hamu haikumbuki magari yote sawasawa. Nenda kwenye maonyesho ya magari ya kale Marekani utaona Nova ya milango miwili yenye injini ya silinda nane, Duster ya rangi kali, Dart iliyoinuliwa nyuma. Zile zilizouzwa kwa wingi kabisa, sedani ya milango minne, silinda sita, rangi ya maziwa, gari la mwalimu wa shule na la bibi aendaye kanisani, zilitumika mpaka kutu ikazila, kisha zikaenda chakavu. Yaliyosalia ndiyo yaliyopendeza tangu mwanzo, na sisi tunauhukumu wakati mzima kwa hayo. Duster yenyewe ni mfano mzuri: nusu ya mbele ya Valiant ya kawaida, nusu ya nyuma mpya yenye paa la kuteleza, kwa bajeti ndogo. Mwaka wa kwanza, 1970, iliuza zaidi ya 200,000.

Tena aliyeyakumbuka ni nani? Kizazi kilichozaliwa baada ya vita kuu ya pili kilipata leseni wakati kompakti hizi zikiwa mikononi kwa bei ya mtumba. Zilikuwa gari la kwanza la kijana, au kiti cha nyuma cha utotoni. Ukitaka kuona kwamba upendo huu hautoki kwenye bati peke yake, tazama Argentina. Falcon ilitengenezwa huko kuanzia 1962 hadi 1991, sura ikibadilika kidogo tu, na kwa familia nyingi ni gari la nyumbani lenye kumbukumbu za safari na harusi. Lakini Falcon ya kijani isiyo na namba ndiyo iliyotumiwa na makachero wa udikteta wa 1976 hadi 1983 kuwakamata watu ambao hawakuonekana tena. Bodi ileile, mistari ileile, na mtu mwingine akiiona barabarani mwili unamsisimka. Australia nako, ambako Falcon iliendelea kizazi baada ya kizazi hadi Oktoba 2016, jina hilo lina maana ya kiwanda na ajira za baba.

Watu husema pia kwamba magari yale yalikuwa imara. Sisi wa upande huu tuna ushahidi wetu. Mwaka 1963 Mercury Comet, ndugu ya Falcon, zilizungushwa kwenye uwanja wa Daytona maili 100,000 kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, na Ford ikatangaza uimara wake nchi nzima. Pasaka ya 1964 timu ya Comet sita ikaja kushiriki East African Safari, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, katika msimu wa mvua. Ni mbili tu zilizomaliza, tena nyuma sana. Mshindi alikuwa Ford Cortina, gari dogo la Uingereza, likiendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Lami laini ya Daytona na tope la Afrika Mashariki si mtihani mmoja. Uimara wa injini za magari hayo ni wa kweli. Uimara wa bodi zake, kwa kutu na kwa makorongo, umeongezwa chumvi na wanaoyapenda.

Majina yamerudi, sura haikurudi

Kampuni za Marekani zinajua hamu hii ipo, na zimejaribu kuiuza. Dart ilirudi mwaka 2013 juu ya chasisi yenye asili ya Alfa Romeo na ikaachwa 2016. Haikuwa na duara mbili wala ubavu wenye mstari mmoja. Ilikuwa na jina. Maverick imerudi pia, safari hii ikiwa pikapu ndogo. Mustang na Challenger (hii ya pili ilikoma mwaka 2023) zilirudishwa kwa sura za kale zinazotambulika, lakini hizo ni gari za anasa, pana na nzito, ambazo mwalimu wa shule wa 1963 asingezigusa. Kompakti yenyewe, sedani ya bei nafuu ya familia, imeachwa kabisa: Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha karibu sedani zake zote Marekani, na Chevrolet Cruze ikaisha mwaka uliofuata. Anayetaka gari la vipimo vya Falcon hununua la Kijapani au la Kikorea.

Umeme ulinipa tumaini kwa muda. Gari la umeme halina rejeta kubwa mbele, kwa hiyo uso tupu wa Corvair unawezekana tena, na tayari tunaona magari yasiyo na shoo. Motor ni ndogo, boneti ingeweza kushuka kuliko hata ile ya Valiant. Tatizo liko chini ya miguu. Betri hulazwa sakafuni, unene wake ni sentimita kumi na zaidi, na abiria hukalia juu yake. Sakafu ikipanda viti hupanda, viti vikipanda paa hupanda, na mstari wa madirisha hufuata. Corvair ilishuka kwa sababu injini iliondolewa mbele ya abiria na shafti ikaondolewa chini yao. Gari la umeme linapanda kwa sababu kilichochukua nafasi ya tangi la mafuta kimewekwa chini yao. Mpaka betri iwe nyembamba au ihamishiwe kwingine, hakuna msanifu, hata awe na jicho la Mitchell, atakayeshusha paa hadi mita 1.30 bila kuwakunja watu magoti.

Vilivyo ndani ya uwezo wa wasanifu leo ni vichache lakini si haba: rangi zilizo hai badala ya kijivu na nyeusi, mkunjo mmoja ubavuni badala ya minane, taa za duara, ambazo hakuna kanuni inayozikataza, na ujasiri wa kuacha bati likae kimya pale ambapo halina la kusema.